Naomba ushauri: mililita ngapi za dawa kwa bomba la lita 16?

Habari zenu wakuu. Nalima nyanya huku Ngarenanyuki, Arusha. Lebo ya dawa ya ukungu inasema mililita 250 kwa lita 100 za maji, na bomba langu la mgongoni ni lita 16. Nimepiga hesabu: 2.5 kwa kila lita, hivyo mililita 40. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, anasema vifuniko viwili vinatosha. Nikakipima kifuniko kwa maji na sindano mpya ya mililita 10: kinajaa kwa 12 tu! Viwili ni 24, na wiki iliyopita nilipiga kwa kipimo hicho. Madoa yamerudi.

Je, hiyo 40 ni sahihi? Na kwenye kikombe cha vipimo maji yanapanda kidogo pembeni; nisome pembeni au katikati?