Record, chotara au ufuta: kikundi chetu Iramba kichague nini?

KatibuIramba:
Wadau, heshima kwenu. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo huku Iramba, Singida. Wengi tuna ekari mbili hadi nne, tunalima kwa ng'ombe, mbolea ni samadi ya zizini. Miaka yote tunapanda alizeti ya mbegu za kubakiza na tunavuna gunia tano sita kwa ekari, mwaka mbaya hata tatu. Msimu huu mfuko wa kikundi una fedha kidogo. Kikaoni yametoka mapendekezo matatu: tununue Record (aina ya kawaida ya alizeti) iliyothibitishwa, tununue chotara (alizeti ya mbegu iliyozalishwa kwa kuchanganya aina mbili), au nusu ya mashamba tuhamie ufuta kwa kuwa bei yake inatamanisha. Naombeni ushauri wa waliolima.

UganiMstaafu:
Katibu, hongereni kwa kukaa kikao kabla ya mvua. Tatizo lenu linaanzia kwenye hiyo mbegu ya kubakiza. Alizeti huchavushwa na nyuki, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Record ikibakizwa miaka mingi, unakuta mmea mmoja una vichwa vitatu, mwingine mrefu kupita kiasi, mbegu za milia zimechanganyika na nyeusi, na mafuta yamepungua. Record yenyewe si mbegu mbaya. Chukueni ya ASA, wakala wa serikali wa mbegu za kilimo, yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, mtaweza kubakiza msimu mmoja au miwili mkichagua vichwa vizuri vya katikati ya shamba. Chotara haibakizwi kabisa, kila mwaka ni kurudi dukani.

Na kabla ya kubishana mbegu, angalieni nafasi: sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo. Hiyo ni karibu mimea 18,000 kwa ekari. Watu wanaona huruma kung'olea, wanaacha mitatu shimoni, kisha wanalalamika vichwa ni vidogo.

FundiKinu:
Mimi nakamua, kwa hiyo nitasema ninachokiona kwenye mashine. Chotara nzuri ina mafuta zaidi ya asilimia 40, Record iko thelathini na kitu. Gunia la chotara lililokauka vizuri linakaribia ndoo ya lita 20. La mbegu za kubakiza linabaki nyuma sana, na mwenye mzigo anadhani nimemwibia. Kama mtauza mafuta na mashudu, chotara inajilipa. Kama mtauza mbegu kwa gunia kwa mlanguzi wa barabarani, msijisumbue, maana yeye hapimi mafuta, anapima gunia, tena la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo.

MamaShambaKongwa:
Fundi, hapo kwenye lumbesa umesema kweli, ila hiyo "inajilipa" ina masharti. Chotara kilo mbili za ekari moja unazilipia mara kadhaa ya bei ya Record. Mvua ikikatika Februari, aliyenunua Record amepoteza kidogo, aliyekopa kwa ajili ya chotara amepoteza mbuzi. Na mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoanguka, chotara na Record ziliangukia shimo moja.

Sisi huku Kongwa tuna somo la zamani. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga kwa ajili ya mafuta. Udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mvua haikutabirika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa. Walikuwa na fedha nyingi kuliko kikundi chochote humu. Walichokosa ni kujaribu padogo kwanza.

MwanaNachingwea:
Nizungumzie ufuta, maana ndio maisha yetu Lindi. Kinachotubeba ni soko: tunapeleka ghalani kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, unauzwa kwa mnada, kilo inapimwa kwenye mizani. Katibu, ulizeni kwanza kama huko kwenu mnada upo karibu. Kama haupo, mtauza kwa bei ya mtu mmoja mwenye pikipiki.

Shambani ufuta unadai mikono. Mbegu ni ndogo, udongo lazima ulainike, na wiki za mwanzo unakua polepole, kwa hiyo palizi ikichelewa magugu yanaumeza. Maji yakituama, umekwisha. Kubwa kuliko yote ni uvunaji. Ukisubiri vitumba vyote vikauke shambani, vinapasuka na mali inamwagika. Kata majani yanapogeuka manjano na vitumba vya chini vikianza kukauka, funga miganda, isimamishe juu ya turubai. Ukipuria chini utauza mchanga, na mnunuzi atakukata. Kilo 200 hadi 300 kwa ekari ni mavuno ya mtu aliyefanya haya yote. Tuna mbegu zetu za kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara: Lindi 2002 na Mtwara 2009, lakini msihamishe nusu ya mashamba mwaka wa kwanza.

KatibuIramba:
Asanteni sana. Mnada wa ufuta hatuna karibu, hilo peke yake limetuamulia. Kinu kipo kijiji cha pili. Nimeelewa hivi: Record iliyothibitishwa kwa wote, na chotara kwa wachache wenye samadi ya kutosha, watakaokubali kukamua pamoja. Kwelea kwelea je?

MamaShambaKongwa:
Pandeni wiki moja wote, kaka. Shamba linalokomaa peke yake ndilo ndege wanalolimaliza. Watoto wakiwa shule, pangeni zamu za watu wazima kuanzia alfajiri.

UganiMstaafu:
Mpango mzuri. Kwa hao wachache, chotara na Record zikae shamba moja, udongo uleule, palizi siku ileile. Mwisho pimeni kwa kilo na kwa lita, msihesabu magunia. Andikeni pia siku za kazi za kila upande, hasa za akina mama, maana ndizo huwa zinasahaulika kwenye hesabu za faida.