Naomba ushauri kuhusu matairi ya Honda XL125S ya zamani

Ndugu zangu, hasa mafundi na mnaoendesha pikipiki kwenye njia za milimani, naomba ushauri wenu. Nina Honda XL125S aliyoniachia baba, ambaye alikuwa bwana shamba hapa Lushoto, na matairi yake sasa hayafai: la nyuma limekuwa kipara katikati, na la mbele, ingawa kashata zake (yale meno ya tairi) bado ni nzuri, lina nyufa ubavuni ambazo ncha ya ukucha inaingia.

Yameandikwa 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma, yaani upana wa tairi kisha kipenyo cha rimu, vyote kwa inchi. Nyuma ningeweza kufunga 3.00-18 la bodaboda, lakini ni jembamba na nahofia litateleza kwenye udongo mwekundu wakati wa masika. Shida kubwa ni inchi 21 ya mbele, kwa kuwa madukani nakuta 17 na 18 tu. Muuzaji mmoja ameniletea 80/90-21, ambalo kwa vipimo linakaribiana sana na la asili, ila tarakimu nne za ubavuni zinasomeka 1114, yaani lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014, naye anasisitiza, bila hata kupepesa macho, kwamba ni jipya.

Je, yupo aliyewahi kufunga 4.60-18 nyuma, na lilizunguka bila kugusa cheni? Na kwa safari zangu, ambazo ni lami hadi Mombo mara moja kwa wiki na nyingine zote ni vumbi na mawe, nichague kashata kubwa au za wastani? Rimu na spoki ni nzima. Tyubu nitanunua mpya zote mbili.