Merlot ya Howell Mountain: ukakasi wake unatokana na nini?

Mhudumu_wa_Meza: Wanajukwaa, salaam. Kwa miaka mingi nimewaeleza wageni wa mkahawa wetu kwamba Merlot ni mvinyo mwekundu laini, unaomfaa hata asiyezoea. Juzi nilionja Merlot ya Howell Mountain, huko Napa, California, nikakuta mvinyo mweusi kama zambarau, mzito, wenye ukakasi ulioshika ulimi kama bibo. Je, kweli ni zabibu ileile? Hutengenezwaje?

Mkulima_Zabibu: Ndugu, zabibu ni ileile yenye asili ya Bordeaux, Ufaransa, kilichobadilika ni mahali. Eneo la Howell Mountain, lililotambuliwa rasmi mwaka 1983, linaanzia kimo cha futi 1,400, yaani takriban mita 427, juu ya ukungu unaofunika bonde asubuhi nyingi za kiangazi. Mizabibu ya huko hupata jua mapema, lakini haichomwi na joto kali la mchana kama ile ya bondeni, ndiyo maana zabibu huiva polepole na kubaki na uchachu wake. Udongo nao ni wa majivu ya volkano na mfinyanzi mwekundu wenye chuma, mwembamba na usio na rutuba nyingi. Mzabibu ukihangaika hivyo huzaa tunda dogo, na tunda dogo lina ganda jingi likilinganishwa na maji yake. Rangi imo kwenye ganda, na tanini, ambazo ndizo chanzo cha ukakasi, zimo kwenye ganda na kokwa.

Zabibu zikishachumwa, huondolewa vikonyo, hupondwa, kisha maji na maganda huachwa yachachuke pamoja kwa wiki moja au mbili. Maganda huelea, hivyo mtengenezaji huvuta mvinyo kutoka chini na kuumwaga juu yake ili yaendelee kutoa rangi. Kwa Merlot ya mlimani, hatua hii inahitaji mkono mwepesi mno, kwa kuwa akizidisha, ukakasi hugeuka uchungu. Kwangu mimi, hapo ndipo fundi hasa anapojulikana. Baadaye mvinyo hukamuliwa, bakteria huulainisha uchachu, kisha hukaa kwenye mapipa ya mwaloni, mara nyingi kwa mwaka na nusu hivi.

Mpenda_Mapishi: Je, uliunywa ukiwa umetoka moja kwa moja kwenye jokofu? Baridi huzidisha ukakasi.

Mhudumu_wa_Meza: Naam, ulikuwa baridi sana, na chupa ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa.

Mpenda_Mapishi: Basi safari ijayo uache ufikie nyuzi 16 hadi 18, uumimine kwenye jagi saa moja kabla, na uunywe pamoja na nyama ya mbuzi ya kuchoma, kwani tanini hushikana na protini ya nyama badala ya kukausha ulimi. Utasikia plamu nyeusi, kakao, na harufu kama ya udongo ulionyeshewa mvua.