Barua ya wilaya: basi limekatwa, msaidizi kaondolewa, uwanja unajengwa

Mama Neema, Brooklyn Park, Minnesota
Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Nimepata barua ya wilaya yetu ya shule. Muhula ujao basi halipiti tena mtaani kwetu, na yule msaidizi wa EL (wanaojifunza Kiingereza) anayewaelekeza watoto kwa Kiswahili ameondolewa. Wanasema fedha za uendeshaji zimepungua. Lakini nyuma ya shule hiyohiyo tingatinga linasawazisha uwanja wa mpira, na marobota ya nyasi bandia yamepangwa kando ya uzio. Ofisini wananiambia nisubiri. Uamuzi huu unakatiwa rufaa wapi?

Baba Kamau, St. Paul
Pole sana mama. Uwanja ni fedha za bondi, yaani mkopo wa kujengea. Watu walizipigia kura zijenge, haziruhusiwi kumlipa dereva. Mfuko wa uendeshaji ni mwingine, na katika wilaya nyingi karibu senti 80 za kila dola ni mishahara na bima za wafanyakazi. Wakikata, wanakata watu. Mke wangu alikuwa msaidizi wa darasa kwa fedha za ESSER, ule msaada wa serikali kuu kwa shule wakati wa korona. Zilifika mwisho Septemba 2024, na kazi ikaisha.

Zuhura, Columbia Heights
Mbona hamsemi kuhusu fomu? Tangu chakula cha shule kiwe bure Minnesota mwaka 2023, wazazi hawaoni sababu ya kujaza fomu ya kipato, Educational Benefits. Fomu hiyo inaleta fedha za ziada kwa shule zenye watoto wa kipato cha chini. Jazeni jamani!

Mzee wa Duluth
Zuhura, usiwachanganye watu. Mwenye SNAP (msaada wa chakula) au MFIP (msaada wa fedha kwa familia) anahesabiwa moja kwa moja, bila fomu.

Zuhura
Mzee wangu, soma nilichoandika. Nawasema wasiochukua msaada wowote, wanaokesha kwenye nyumba za wazee kwa mshahara mdogo. Hao ndio wasiohesabiwa. Na fomu haiulizi habari za uhamiaji, msiogope.

Otieno, Mankato
Afadhali huku bajeti inapitishwa na bodi mbele ya watu kabla ya Julai 1. Kwetu Kenya mgao ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na unachelewa hadi mwalimu mkuu anakopa mahindi na maharagwe. Hata hivyo nimeikumbuka ile githeri ya shule, na kengele ya reli iliyoning'inizwa mwembeni.

Baba Kamau
Otieno, bajeti ya wazi bila kura ni kazi bure. Tozo ya uendeshaji, yaani kodi ya nyumba na ardhi ya kuendeshea shule, ilipopigiwa kura kwetu ilianguka, na watu wetu wenye uraia walikaa nyumbani. Swali la shule huwekwa chini, karibu na majaji. Novemba msiishie kwa gavana, shukeni mpaka mwisho wa karatasi.

Mzee wa Duluth
Kamau, gavana hachaguliwi kila Novemba. Tozo huja hata miaka isiyo na uchaguzi mkuu, ndiyo maana watu hawatokei.