Mzee ana Parkinson na hasikii vizuri, kipimo cha sikio la kati chasema nini?

BintiLangoni
Asalam aleykum jamani. Babangu ni mvuvi mstaafu, miaka 71, tuko Langoni hapa Lamu. Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, iligunduliwa 2021, ilianza na mkono wa kulia. Sasa tangu mfungo uishe yuwafungua redio mpaka jirani yuwasikia, na mamangu humuita mara tatu ndio ageuke. Kakangu wasema mzee amekuwa mkaidi, na hilo laniuma sana coz namjua babangu, si mtu wa kuitwa akanyamaza. Tukavuka Mokowe tukashika basi mpaka Malindi akapimwe, akatiwa kitu cha mpira sikioni kikapuliza hewa kikilia mluzi, ikatoka karatasi, sikio la kushoto mstari umepanda kama kilima, la kulia umelala tu. Nikaambiwa "ni sikio la kati" basi, foleni ilikuwa refu. Je Parkinson ndio imeingia mpaka sikioni? Halafu kuna siku ashikwa na kizunguzungu, duka la dawa wametupa Stugeron, sijampa bado.

FundiMasikio_Mld
Waaleykum salam dada. La kwanza kabla ya yote, hiyo Stugeron USIMPE mpaka daktari wake wa Parkinson aseme. Ndani ni sinarizini, na hiyo huzuia dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, isifanye kazi, ilhali mzee tayari dopamini yake ni kidogo. Mtetemeko na kukakamaa vyaweza kuzidi. Stemetil, dawa nyingine ya kizunguzungu, nayo vivyo hivyo. Na kizunguzungu kwa mtu wa Parkinson mara nyingi ni presha ya damu kushuka akisimama ghafla, sikio halimo kabisa, kwa hivyo apimwe presha amelala kisha amesimama.

Sasa karatasi. Ile mashine huangalia ngoma ya sikio yacheza vipi hewa ikisukumwa na kuvutwa. Nyuma ya ngoma kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ndivyo vinavyopeleka sauti ndani. Kilima maana yake ngoma yacheza. Mstari uliolala maana yake haichezi, au hewa haikuifikia. Angalia karatasi hapo pameandikwa ujazo wa tundu la sikio, kwa mililita. Ikiwa kama 1 hivi na mstari umelala, pengine kuna maji nyuma ya ngoma. Ikizidi 2 na nusu, ngoma huenda imetoboka. Ikiwa ndogo sana ni nta, au ule mpira ulikuwa umegusa ukuta wa tundu. Ni ngapi?

BintiLangoni
Kushoto 1.2, kulia 0.3

FundiMasikio_Mld
Basi usimlaumu Parkinson bado, nafikiria nta. Aangaliwe na tochi ya sikio kwanza, msimtie pamba ya vijiti wala mafuta ya moto, yeye alikuwa mpiga mbizi?

BintiLangoni
Ndio, ujana wake wote alizamia kamba.

FundiMasikio_Mld
Basi ndio zaidi, kuzamia huweza kutoboa ngoma, msitie kitu chochote mpaka ijulikane ngoma ni nzima.

Kijana_Shela
Dada mimi namuangalia ami yangu, mwaka wa sita huu na Parkinson. Niongeze jambo moja ambalo lilitupoteza sisi. Kile kipimo cha hewa mgonjwa hafanyi chochote, yuwakaa tu, kwa hivyo hata akitetemeka kidogo majibu huja. Lakini kile cha kuvaa vikombe masikioni na kubonyeza kitufe ukisikia mlio, ami alikuwa asikia na kidole chachelewa, wakamuandika kiziwi zaidi ya alivyo!! Mara ya pili tukaenda saa ambayo dawa yake imeshika, tukaomba aseme "ndio" badala ya kubonyeza, yakatoka majibu mengine kabisa. Na mueleze kakako, ugonjwa huu hufanya uso usionyeshe kitu na jibu lichelewe, mtu amesikia na wewe wadhani amekupuuza. Sisi tuliumizana nyumbani hivyo mwaka mzima, hata leo nikikumbuka naona uchungu.

FundiMasikio_Mld
Kweli kabisa @Kijana_Shela, hilo la kitufe wengi hulisahau. Na hata sikio la kati likiwa safi bado kuna sikio la ndani, uzee huanza kula sauti nyembamba, na utafiti kadhaa umeona wagonjwa wa Parkinson hupoteza hizo zaidi ya wenzao wa umri mmoja. Kwa hivyo kipimo cha pili asikikose.

BintiLangoni
Narudi baada ya siku tisa. Ilikuwa nta kweli, gumu kama jiwe, ngoma nzima alhamdulillahi. Wamepima tena, kulia sasa kuna kilima, 1.1. Presha akisimama yashuka sana, daktari wake ameliangalia hilo na Stugeron nimerudisha. Mama akimuita sasa yuwageuka mara ya kwanza, ila wajukuu na visauti vyao bado hawapati. Kile cha kitufe ni Jumanne, nimeomba saa nne, dawa ya asubuhi itakuwa imeshika. Kakangu amesema atakuja nasi.