Nina miaka 28 na nimepata nafasi ya chuo cha uigizaji: je, nimtegemee Alan Rickman kama mfano?

Binti wa Tanga, Leicester

Wakubwa shikamoni, na wenzangu habari zenu. Nilizaliwa Tanga, nimekulia Leicester, nina shahada ya usanifu wa michoro na kazi ya kudumu katika kampuni ya matangazo. Hivi karibuni nilifanya usaili wa chuo cha uigizaji nikakubaliwa kwa kozi ya miaka mitatu, na natakiwa kutoa jibu mwisho wa mwezi huu. Wazazi wanasema umri umepita. Mimi huwajibu kwa kumtaja Alan Rickman, mwigizaji wa Uingereza, ambaye naye alisomea usanifu wa michoro London, katika chuo cha sanaa cha Chelsea na kisha Royal College of Art, akafungua ofisi yake pamoja na marafiki, halafu akaandika barua kuomba usaili RADA, chuo cha uigizaji cha London, na kuingia mwaka 1972 akiwa na miaka 26. Filamu yake ya kwanza ya sinema, Die Hard, ilitoka mwaka 1988 alipokuwa na miaka 42, na baada ya hapo dunia nzima ikamjua. Naomba ushauri wa kweli: je, mfano huu unanifaa, au ninajifariji tu?

Baba Mkubwa, Birmingham

Marahaba, mwanangu. Umri si hoja, na katika hilo wazazi wako wanaweza kutulia. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba umeruka kutoka 1972 hadi 1988 kwa sentensi moja, ilhali ushauri unaoutafuta umo ndani ya miaka hiyo uliyoiruka. Rickman alipomaliza RADA mwaka 1974 hakwenda Hollywood. Alikwenda kwenye majumba ya maigizo ya mikoani, Manchester, Leicester hapo hapo unapoishi, na Sheffield, ambako kampuni ya waigizaji ilikuwa ikifanya mazoezi ya mchezo mmoja mchana huku ikiigiza mwingine usiku. Mwaka 1978 alijiunga na Royal Shakespeare Company, kampuni kubwa ya maigizo ya Uingereza, akaondoka, akaigiza katika kumbi ndogo za London. Mwaka 1982 watazamaji wa BBC walimwona akiwa Obadiah Slope, kasisi mwenye hila katika The Barchester Chronicles, na hapo tayari alikuwa na miaka 36. Aliporudi Royal Shakespeare Company mwaka 1985 ndipo alipompata mhusika Valmont katika Les Liaisons Dangereuses, mchezo uliompeleka Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, mwaka 1987 na kumpatia uteuzi wa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Marekani.

Sasa zingatia jambo hili. Mchezo huo ulipofanywa filamu, nafasi ya Valmont alipewa John Malkovich. Mtu amemjenga mhusika kwa miaka, amesifiwa pande zote mbili za Atlantiki, kisha anapewa mwingine! Hata hivyo ni kazi hiyo hiyo ya jukwaani iliyowafanya watayarishaji wa Die Hard wamtake. Kwa hiyo jiulize kama ungeridhika na maisha ya mwigizaji wa jukwaani hata kama simu ya Hollywood isingepigwa kamwe. Ukijibu ndiyo kwa moyo mweupe, nenda.

Mhasibu, Reading

Nakubaliana na Baba Mkubwa, lakini nyumba haiendeshwi kwa moyo mweupe peke yake. Rickman alipokuwa RADA alijikimu kwa kuwavalisha waigizaji nyuma ya jukwaa, miongoni mwao Nigel Hawthorne na Ralph Richardson. Mwenzi wake, Rima Horton, alikuwa mhadhiri wa uchumi, na sidhani kama mshahara wa kudumu ndani ya nyumba ni jambo dogo kwa mtu anayesubiri kuitwa kazini. Wewe unaingia katika mazingira magumu zaidi: tangu 1998 wanafunzi wa England wanalipa ada, na sasa inazidi pauni 9,000 kwa mwaka. Kwa kuwa tayari una shahada, kwa kawaida serikali haikukopeshi tena ada ya shahada nyingine ya ngazi ile ile. Kabla hujasaini lolote, kiulize chuo kwa maandishi kuhusu ufadhili wake chenyewe, na kama kinaweza kukuwekea nafasi hadi mwaka ujao.

Mvalishaji, London

Mimi nafanya kazi ya mavazi katika jumba moja la maigizo, na napenda kuongeza jambo ambalo wenzangu hawakuligusa. Usiuone usanifu kama maisha unayoyaacha. Rickman mwenyewe alisimulia kwamba ndiye aliyependekeza Hans Gruber, mhalifu mkuu aliyemwigiza katika Die Hard, avae suti badala ya mavazi ya kigaidi, na pendekezo hilo lilizaa onyesho ambalo Gruber anajifanya mateka mbele ya mtu anayemwinda. Kwangu mimi, hilo ni jicho la msanifu linalofanya kazi ndani ya mwigizaji. Ukiwa chuoni, endelea kupokea kazi ndogo za mabango ya michezo. Zitakulipa, na zitakukutanisha na waongozaji.

Binti wa Tanga, Leicester

Nawashukuru sana. Baba Mkubwa, nimelitafakari swali lako, na jibu langu ni ndiyo: nilipokuwa nikiigiza na kikundi cha mtaa sikuwahi kuwaza kamera. Mhasibu, leo nimewaandikia chuo kuhusu ufadhili na kuahirisha kwa mwaka mmoja, ili niweke akiba kwanza. Mvalishaji, naomba unieleze: mtu asiye na uzoefu huanzia wapi katika kazi ya kuwavalisha waigizaji, na je, zamu za jioni zinapatikana kwa anayefanya kazi mchana?

Mvalishaji, London

Zinapatikana, kwa sababu maonyesho mengi ni ya jioni. Mwandikie mkuu wa idara ya mavazi wa kila jumba lililo karibu nawe, ueleze kuwa unajua kushona kifungo haraka na kukaa kimya gizani, na ujitolee kuziba pengo la mtu anapougua. Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze namna ya kuiandika barua hiyo.