Faiba inanichoma macho ndani ya boti, maziwa yanasaidia kweli?

Kijana wa Kunduchi:
Habari za jioni wakuu. Najifunza kazi kwenye karakana ya boti za faiba huku Kunduchi. Tukifanya kazi nje sina shida, upepo wa bahari unabeba harufu. Balaa ni kuingia ndani ya tumbo la boti, chini kabisa kwenye mkuku. Macho yanatiririka, koo linawasha, baadaye kichwa kinakuwa chepesi kama nimepiga mbili tatu. Cha ajabu, nikikaa humo harufu siisikii tena, nadhani mwili umezoea. Bosi anatununulia maziwa kila mchana, anasema yanakata sumu. Barakoa tunazo zile za bluu za wakati wa korona. Je, zinatosha? Na kinachowasha ni rezini, ile gundi ya majimaji tunayopaka, au ile hadina ya chupa ndogo ya kuigandisha?

Mzee wa Gelikoti:
Mwanangu, maziwa kunywa kwa sababu ni matamu. Yanaingia tumboni, mvuke unaingia mapafuni na kutoka hapo unaenda kwenye damu. Hayakutani popote.

Kinachokuchoma ni kemikali inaitwa stairini, na imo ndani ya rezini yenyewe, mara nyingi thuluthi ya ndoo au zaidi. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu. Haupandi ukatoka zake, unatuama palepale ulipopiga magoti, hata kama boti iko wazi juu. Na hiyo ya kutosikia harufu si mazoea, ni pua iliyochoka. Kichwa kikianza kuwa chepesi, panda juu hapohapo, hata kama kipande cha mati, yaani mkeka wa nyuzi za kioo, hakijalowa rezini vizuri.

Dawa yake ni hewa. Feni ikae nje upande upepo unakotoka, ishonewe bomba la turubai lifike mpaka mkukuni, isukume hewa safi chini. Msiishushe feni ya kawaida humo ndani, mota yake inatoa cheche. Stairini ikifika nyuzi 31 inatoa mvuke wa kutosha kushika moto, na Dar mchana wa Februari tunafika hapo bila shida. Asitoni mnayooshea brashi ndiyo hatari zaidi, yenyewe ni nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo iko tayari kuwaka saa zote. Sigara, grenda na waya wa kuungaunga vikae mbali.

Barakoa ya bluu haizuii mvuke. Tafuta ya mpira yenye vichujio vya mkaa vya mivuke ya kikaboni. Zinazofuata alama za Ulaya zina herufi A na mstari wa kahawia.

Piga Rola:
Mzee usimtishe dogo. Mimi nipo kwenye faiba miaka mingi, nafunga kitambaa chenye maji puani na nipo mzima. Cha kuogopa ni kobalti, ile ya kuharakisha rezini igande.

Mzee wa Gelikoti:
Kwa kobalti tuko pamoja. Kobalti na hadina zisikutane zikiwa tupu hata tone, zinalipuka. Kobalti inakorogwa kwanza ndani ya rezini mpaka ichanganyike kabisa, ndipo hadina ifuate. Kama rezini ilishatiwa kobalti kiwandani, usiongeze.

Kitambaa hapana. Stairini haiyeyuki kwenye maji ila kidogo sana, inapita tu. Na mwaka 2018 wataalamu wa IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, waliipandisha daraja, wakaiweka kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani. Kuwa mzima leo hakujibu hilo.

Dada wa Usalama:
Naongezea. Hadina ikiruka jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani iliyofunika pembeni ni lazima. Ikitokea, maji mengi papo hapo, angalau dakika 15, ndipo hospitali. Msianze kutafuta gari kwanza.

Hadina isikae stoo moja na kobalti wala asitoni, na isimiminwe kwenye kopo la chuma. Iache kwenye chupa yake ya plastiki, kivulini. Na muulizeni muuzaji karatasi ya taarifa za usalama ya kila bidhaa. Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri. Hela ya maziwa ianzie kwenye vichujio.

Kijana wa Kunduchi:
Shukrani sana. Moja la mwisho: juzi rezini iliyobaki kwenye ndoo ilianza kutoa moshi yenyewe. Ni kawaida?

Mzee wa Gelikoti:
Inatokea ukiacha nyingi imerundikana. Inapoganda inazaa joto, na ikiwa nene joto halina pa kutokea. Koroga kidogo kidogo ya kutosha kipande kimoja. Ikibaki, itandaze nyembamba nje kwenye kipande cha bati. Ikishaanza moshi, toa ndoo nje, imwagie maji, kaa upande wa upepo. Na matambara yenye hadina yaloweke kwenye ndoo ya maji nje, yasirundikwe pembeni ya karakana usiku.

Piga Rola:
Hiyo ya matambara ni kweli, nimeshuhudia. Mzee, hivyo vichujio vya kahawia Kariakoo vinapatikana?